Mchochezi wa Pegasus

Jotham alianza kuandika habari za Pegasus siku baba yake, Mzee Danson, alipomsimulia aibu ya ukoo. Babu yake Danson, Mwamuye wa Rabai, alikuwa akichochea makaa katika meli hiyo ya kivita ya Waingereza. Mwaka 1914 Wajerumani waliipiga mizinga ikiwa Unguja, naye hakurudi. Nyumbani wakasema amewatoroka mke na mtoto. Ndiyo maana Danson, kifungua mimba, alinyimwa jina la babu yake, ingawa kwa desturi lilikuwa lake.

Kwa miaka sita, kila alipotoka kazini alikouguza wazee, mjini New Hope huko ughaibuni, Jotham alijaza madaftari: bandari, manahodha, matengenezo ya boila, orodha za waliokufa. Mwamuye hakuwamo.

Sasa Mzee Danson mwenyewe alikuwa kitandani katika mji jirani wa Brooklyn Center, na daktari alikuwa ametaja siku chache tu za kuishi.

"Umempata?"

"Bado, Baba."

"Bado! Nikikutana naye nimwambie bado?" Mzee alicheka, kikohozi kikamkaba. "Mwandike wewe. Tena kwa wino."

Jotham hakuwahi kuandika jambo asilolithibitisha. Alishika kalamu, akaandika Mwamuye chini ya orodha ya waliokufa, akamsomea.

"Haya, sasa niite mimi kwa jina hilo."

"Mwamuye."

"Naam."

"Mwamuye."

"Naam," mzee aliitika, kwa sauti iliyokuwa ikififia.

Jotham akaita tena, na tena, hata pale ambapo hapakuwa na wa kuitika.