Mvuvi na Mkwe

Kidole cha shahada cha mkunga wa kijiji cha Wamaza hakitulii. Huchora alama za Kichina juu ya kitenge chake, pajani, hata akisubiri ugali uive. Mashine ya oksijeni ya zahanati ililetwa ikiwa na maandishi hayo tu. Mfanyabiashara aliyewahi kufika Guangzhou, Uchina, alimsomea mara moja tu, naye mkunga akazigeuza alama kuwa watu, zisimtoroke. Kila asubuhi humsaili Mounira, muuguzi mgeni, mbele ya swichi ya hewa.

“Huyu 大 ni nani?”

“Muvuvi wa Nyangwe, mama. Anatanua mikono, anasifu samaki yake. Ni hewa kubwa.”

“Na 小?”

“Mukwe mbele ya mama-mukwe. Mikono chini, hata kukohoa anaogopa. Hewa ndogo, ya watoto wachanga.”

“Wewe utaolewa vizuri,” humtania.

Jana adhuhuri mtoto alizaliwa wa buluu, kimya. Mkunga alikuwa akimsugua mgongo kwa mikono miwili alipoagiza hewa. Mounira alisimama mbele ya swichi, alama zote zimemtoka kichwani, naye alijua kwamba hewa kubwa huweza kuharibu macho ya kichanga. Mkunga hakupandisha sauti.

“Salimia mama-mukwe wako, mutoto wangu.”

Mounira aliteremsha mikono bila kufikiri, akamwona yule mkwe, 小, pale pale, akazungusha swichi hadi kwake. Mtoto alianza kugeuka mwekundu taratibu, kisha akashtuka, akalia, akatanua mikono yote miwili.

“Karibu, muvuvi,” alinong’ona mkunga. “Samaki yako iko mukubwa hivyo?”