Jasusi wa Ardvarna

Hakuna aliyemwajiri Malachy Quirke kulinda lango la uwanja wa Ardvarna. Alijipa kazi hiyo mwenyewe mwaka ule kiwanda cha sukari kilipofungwa na kumwacha hana shughuli, na kwa kuwa hakuna aliyemkataza, ikawa yake. Kila Jumanne na Alhamisi jioni, timu ya kaunti ilipokuja mazoezini, ilimkuta keshaweka kiti chake langoni, uso barabarani, mgongo uwanjani, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi. Wachezaji walipita. Kocha alipita. Wengine wote walirudishwa, hata padri.

"Dada yako si ameolewa ng'ambo ya mto, Baba?" Malachy alimuuliza siku alipomrudisha.

"Ameolewa, ndiyo. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Vijana utawaona Jumapili, kama watu wengine."

Ng'ambo ya mto ilianzia kaunti ya jirani, na kwa Malachy huko ndiko ulikotoka ubaya wote.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Kaunti yake ilikuwa tishio Ayalandi nzima katika haling, mchezo ule wa magongo ambao kwao mtoto alishika gongo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kombe kubwa lilikuja nyumbani mara nyingi hata watu wakaacha kwenda kulipokea stesheni. Malachy mwenyewe alikuwa mchezaji wa akiba mwaka wa mwisho walipolitwaa. Aliingizwa mechi ikielekea ukingoni, akaupiga mpira mara moja, ukatoka nje. Lakini medali anayo, na picha ya timu imetundikwa juu ya jiko, yeye akiwa wa mwisho kulia, bega lake moja limekatwa.

Baada ya hapo kombe halikurudi tena. Walianza kwa kupoteza fainali, wakaja kupoteza nusu fainali, halafu ikawa kawaida kutolewa mapema kiasi kwamba wakulima walikuwa hata hawajakata majani ya ng'ombe. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Wapo waliosema vijana wameishia Dublin na Australia. Wapo waliosema wazazi siku hizi wanawapeleka watoto kwenye soka. Malachy sababu yake ilikuwa moja tu: hujuma.

"Hatufungwi hivi hivi," alimwambia mkewe, Attracta. "Kuna mtu anatuuza."

Attracta alikuwa akimenya viazi. "Anatuuza kwa nani?"

"Ungeiona mechi ya Februari usingeuliza. Kila kipa wetu akipiga mpira, jamaa wa ng'ambo wameshafika pale unapoangukia. Kama walioalikwa."

"Labda wana mbio."

"Mbio," alisema Malachy, akamtupia jicho la pembeni. Attracta naye alikuwa na binamu yake ng'ambo ya mto, na kila Jumapili walikuwa wakipigiana simu.

Mwaka huo timu ilikuwa mikononi mwa Donncha Heaphy, mwalimu wa useremala pale sekondari. Alikuwa ameoa Ardvarna na kuzaa Ardvarna, lakini kwao ni ng'ambo, na haijawahi kutokea kaunti kupewa kocha wa ng'ambo. Malachy alimfungulia lango bila kumwamkia. Donncha yeye alimsalimia kila mara, tena kwa jina, na salamu hiyo nayo Malachy aliitilia shaka.

Mwezi Machi likaanza kuja gari la kijivu. Liliegeshwa kando ya ukuta wa makaburi, pale ardhi inapoinuka na mtu anaweza kuona nusu ya uwanja. Namba zake zilikuwa za ng'ambo. Ndani alikaa mzee mmoja peke yake, kioo kakishusha kidogo, hasomi gazeti, haongei na simu. Anatazama tu. Machale yakamcheza Malachy. Akanyanyuka kitini na kulifuata, lakini kabla hajalifikia likawashwa na kuondoka taratibu. Juma lililofuata likarudi.

Halafu ikafika Alhamisi moja. Mazoezi yamekwisha, wachezaji wanabwaga magongo kwenye buti za magari, Malachy akamwona kocha anavuka barabara na kwenda moja kwa moja hadi kwenye lile gari. Aliinama dirishani. Wakaongea. Donncha akacheka, akaligonga gari juu kwa kiganja, kama mtu anayemuaga rafiki, akarudi.

Asubuhi yake Malachy alikuwa mlangoni kwa Iggy Roche, mwenyekiti wa kamati ya kaunti.

"Una uhakika?" Iggy aliuliza.

"Nimeona kwa macho yangu haya."

"Walisema nini?"

"Mtu akicheka na adui, bwana, unataka usikie nini tena?"

Iggy alijikuna shingo. Alikuwa mtu asiyependa kuamua jambo, na hapo alikuwa ameletewa jambo lililokwisha kuamuliwa. "Tuliache kwanza kati yetu," alisema.

Halikukaa kati yao hata mpaka jioni. Lilifika dukani, likafika baa, likasimama nje ya kanisa baada ya misa. Mechi iliyofuata ya ligi, timu ilipogaragazwa, mtu mmoja jukwaani akamwambia Donncha arudi kwao, na wenzake wakaitikia. Kesho yake gari la mwalimu lilikutwa limechorwa kwa ufunguo ubavu mzima. Kamati ikamwita. Walikaa upande mmoja wa meza, yeye akasimama upande wa pili, maana hakuna aliyemwambia aketi.

"Wanangu wanavaa jezi yenu," ndilo jibu pekee alilowapa. Akavua filimbi shingoni, akaiweka mezani, akatoka.

Malachy alipopewa habari aliridhika kama mtu aliyeng'oa jino bovu. Alingojea sasa kuona gari la kijivu likipotea. Jumanne ikaja, na gari likaja.

Hapo akachanganyikiwa. Aliyekuwa akitoa siri ameondoka, sasa jasusi anafuata nini? Basi yuko mwingine. Alianza kuwahesabu mmoja mmoja pale langoni. Yule beki anayefanya kazi benki ng'ambo. Daktari wa timu, ambaye haeleweki kwao ni wapi. Iggy mwenyewe, aliyekuwa mwepesi mno kuamini. Nyumbani, Attracta alipoongea na binamu yake, Malachy alizima redio.

"Unasikiliza nini?" Attracta aliuliza, mkono kafunika simu.

"Sisikilizi kitu."

"Basi washa redio yako. Tunaongea habari za goti lake."

Mei ikaingia, michuano ya ubingwa iko mlangoni, na mechi ya kwanza ni dhidi ya ng'ambo ya mto. Malachy akaona yatosha. Jumanne hiyo aliacha lango, akazungukia nyuma kupitia makaburini, akajibanza katikati ya misalaba mpaka alipolifikia gari kwa upande wa abiria. Akafungua mlango, akaingia, akaketi.

Mzee hakushtuka sana. Alimtazama, akatazama tope alilomletea ndani ya gari. Malachy naye alipomtazama vizuri alimjua. Nywele zimekwisha, mashavu yameanguka, lakini mikono ile mipana ilikuwa ya Tadhg Minogue, beki wa ng'ambo aliyewatia hofu washambuliaji wa enzi zao.

"Ni wewe," alisema Malachy.

"Ni mimi. Wewe ni Quirke. Uliingia akiba mwaka ule."

Malachy nusura afurahi. Akajizuia. "Umetumwa na nani?"

"Kutumwa wapi?"

"Usinifanye mtoto, bwana. Kila mazoezi uko hapa. Unawapelekea nini watu wako?"

"Mke wangu yuko pale kwa masista," alisema Tadhg, akionyesha kwa kidevu nyumba ya wazee iliyo chini ya kanisa. "Hanitambui siku hizi. Wakishamlisha humlaza mapema, na mimi sina hamu ya kurudi kwenye nyumba tupu. Basi nakuja hapa nasikiliza magongo."

"Na Heaphy? Nimemwona anacheka na wewe."

"Donncha? Mke wangu alimfundisha darasa la kwanza. Alikuja kuniuliza hali yake. Nikamwambia siku hiyo mama kamwangalia daktari, kamwita Donncha, kamwambia atoe kidole puani." Tadhg alitabasamu kidogo, tabasamu likafa. "Ndicho tulichochekea."

Malachy alisikia masikio yanamwaka moto. Lakini shaka ya miaka mingi haitoki kwa pigo moja. "Kwa hiyo hamtumi mtu kutupeleleza. Unataka niamini hivyo."

"Zamani tulituma. Mimi mwenyewe nimeshapanda mti ule pale, nikararua suruali. Siku hizi hatutumi."

"Kwa nini?"

"Achana nayo, Malachy."

"Sema."

"Hakuna haja. Wakipangiwa kucheza na nyie, wanawapumzisha wachezaji wazuri."

Malachy angeweza kumrukia. Ingekuwa afadhali kama mzee yule angesema kwa kejeli, lakini alisema kwa huruma, macho kayaelekeza kwenye usukani. Kwa kukosa pa kutazama, Malachy akatazama uwanjani. Muda wote wa ulinzi wake alikuwa amewapa vijana mgongo, akisikia tu sauti za magongo na kujiambia ni zile zile. Sasa aliwaona. Walikuwa wachache, hawatoshi hata kugawana timu mbili. Kipa alipiga mpira ukaenda kule kule ulikokwenda ule wa kwanza, kushoto, kwa sababu kulia hakuwa na wa kumpigia. Kijana mmoja mrefu aliudaka, ukamponyoka, akaugeukia, ukamponyoka tena. Kocha mpya, mpwa wa Iggy, alikuwa akipiga makofi tu.

"Yule mrefu ana mikono mizuri," alisema Tadhg kwa upole.

"Hana," alisema Malachy.

Walitazama mpaka mwisho. Jumapili ng'ambo ya mto walikuja na vijana ambao Malachy hakuwajua hata majina, wakawashinda kwa tofauti ya pointi kumi na tisa katika uwanja wao wenyewe. Mechi zilizobaki zilikuwa hivyo hivyo, na kabla ya Julai kaunti ilishushwa daraja kwa mara ya kwanza tangu iwe kaunti. Watu walitoka uwanjani wakimtafuta mchawi. Mmoja alimfuata Malachy langoni, akamnong'oneza kwamba yule beki wa benki si wa kuaminika. Malachy alimwambia aende nyumbani.

Alikwenda kwa Donncha Jumamosi, akamkuta kibandani kwake anapiga randa ubao.

"Mzee Malachy. Karibu." Hakuacha kupiga randa.

"Ni mimi niliyekwenda kwa Iggy. Habari za gari."

"Najua. Iggy alinitajia usiku ule ule."

"Tadhg amenieleza. Nilikosea."

Donncha alipuliza maranda kwenye ubao, akafumba jicho moja kuona kama umenyooka. "Mke wangu hapiti dukani tena," alisema. "Anakwenda kununua mkate mji wa pili. Hilo utalinyoosha vipi?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Sirudi kwenye timu, kama ndicho walichokutuma."

"Sikutumwa na mtu."

Kwa mara ya kwanza Donncha akamtazama usoni, kwa muda mrefu, akimchunguza, na Malachy akajua kwamba hakuaminiwa. Akaaga.

Jumatatu alikwenda dukani asubuhi, watu wakiwa wengi, akasema mbele yao wote kwamba habari ya Heaphy ilikuwa uongo na mwenye uongo huo ni yeye. Mwenye duka aliendelea kukata nyama ya nguruwe. Alipotoka, aliwasikia nyuma ya mlango wakiulizana Heaphy kampa nini mpaka aseme vile.