Farasi wa Shaba wa Umm Salal

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Mkusanyo aliniamuru nivue saa na pete kabla hata ya kuniuliza jina. "Hapa hakikwaruzwi kitu," akasema. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa nimeacha ulinzi wa hoteli Doha, nikaajiriwa Umm Salal, nje kidogo ya jiji hilo, katika nyumba ya mzee aliyekusanya visanamu vya shaba vya Waitaliano wa kale.

Ninyi vijana mngetaka kujua vilitengenezwaje. Fundi alifinyanga umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo, akalichoma. Nta ikayeyuka ikatoka, shaba ikamiminwa mahali pake. Mwisho akaipaka rangi ya kahawia, ambayo sisi tuliiita utando. Vilikuwa vitu vidogo vya mezani: kidau cha wino, taa, farasi aliyeinua mguu. Mchana, mapazia yamefungwa kuzuia jua, nilivitoa makabatini nikavipangusa kwa brashi laini huku nikiota macho wazi. Niliipenda kazi ile, sifichi.

Usafi ulikuwa wa Akello, dada kutoka Uganda, hodari wa kung'arisha dalla, yale mabirika ya kahawa ya Waarabu. Asubuhi ya Idi, wageni wakisubiriwa, alimkuta farasi mezani karibu na dalla, ametolewa kabatini ili wageni wamwone. Akavisugua vyote viwili kwa ndimu na chumvi. Utando wa karne nne ukaenda na maji.

"Kaka, mimi niliona amechafuka tu," akaniambia. "Sasa watanirudisha kwetu? Na watoto wako shule?"

Nilimwonea huruma. Msimamizi alikwisha kwenda kwa Baba, ndivyo tulivyomwita mwenye nyumba, kutaka Akello afukuzwe.

Baba akaomba farasi. Akampapasa masikio, shingo, ule mguu, taratibu, uso wake ukielekea ukutani.

"Mguu upo. Mkia upo. Mnalalamikia nini?"

"Rangi, Baba," Msimamizi akajibu.

"Rangi sizioni tangu mwaka juzi. Yallah, Akello, lete kahawa."

Hakuna aliyekuwa anajua kwamba macho yake yamezimika. Sisi tulikuwa tumemfungia vitu vyake nyuma ya vioo.

Tangu hapo kazi yangu kubwa ikawa kufungua makabati na kumpa kimoja kimoja mikononi. Akello alibaki, na wanawe wakamaliza shule.

Siku niliyostaafu, Baba alinishika uso kwa mikono miwili, akapapasa mashavu, akapapasa makunyanzi.

"Umezeeka," akasema, "na hukuniambia."

Nililia mbele yake, na nilijua haoni.