Pua ya Mwenyekiti

Naftali aliheshimiwa mara moja kwa wiki: Ijumaa mchana, mabosi wakiwa wamelala na shibe ya wali. Siku nyingine alikuwa mfagiaji kwenye jengo la ofisi mtaa wa Murabba, Riyadh, akiitwa kwa makofi kama kuku. Lakini Ijumaa, katika chumba chake cha juu mtaani Shumaisi, alikuwa Mwenyekiti wa chama chetu cha kutengeneza pombe, katika nchi ambayo glasi moja inatosha kukupa viboko na ndege ya kurudi kwenu. Hakuna mtungi uliogawanywa kabla yeye hajaunusa. Mama yake alipika busaa, pombe ya nafaka, kule nyumbani Malava, na Naftali alipenda kusema kwamba pua yake ilizaliwa na uzoefu.

Alichoficha ni kwamba pua hiyo ilifia Jeddah. Kabla ya kuhamishiwa Riyadh alikuwa akisugua vyoo vya ukumbi wa harusi. Siku moja msimamizi alimfungia ndani na dawa mbili zisizopatana, akamwambia atatoka pakishang'aa. Pakang'aa kweli. Tangu siku hiyo Naftali hakusikia harufu tena, iwe ya udi, iwe ya soksi. Ulimi ulimwachia uchachu, uchungu, chumvi na sukari. Mengine yote aliyatunga, na kwa kutunga alikuwa hodari.

Ndipo Ephraim, mlinzi kwenye mtaa wa Wazungu uliozungushiwa ukuta, akaleta pipa. Mzungu mmoja alikuwa amehama akaliacha; alikuwa amelipandia maua, lakini zamani lilikaa wiski. Ukichomeka kichwa ndani ulitoka na kizunguzungu na mbolea kwenye nyusi. Swali likawa moja: tutie pombe gani?

"Bia nyeusi," alisema Brayo, dereva wa familia moja ya hapo karibu, kijana ambaye hata ungemkata ulimi, ulimi ungeendelea kutukana peke yake. "Tunachukua ile bia ya halali ya supamaketi, isiyo na kilevi, tunatia hamira na sukari iliyounguzwa, inalala mle mwezi mzima ikivuta wiski. Pipa ni harufu, wazee."

"Mi ningesema muratina," alisema Ephraim.

"Na yale matunda yake ya kuchachulia? Mafi, kama wasemavyo Waarabu: hakuna. Utachuma kwa ngamia?"

"Busaa," alisema Naftali.

"Busaa ndani ya pipa la wiski? Mwenyekiti, huko ni kumvalisha punda suti!"

"Busaa unaisikia mdomoni. Ina chenga, ina uchachu, inakukwaruza koo. Hizo harufu zenu ni upepo tu."

Brayo alimtazama kama paka aliyeona kabati la samaki limeachwa wazi.

Ijumaa iliyofuata alikuja na kikombe. "Mwenyekiti, tumelisuuza pipa. Onja masuuzo haya utuambie ni wiski ya aina gani, ndio tujue inaoana na pombe ipi."

Mle kikombeni mlikuwa na maji ya waridi kutoka jikoni kwa madam wake. Chumba kizima kilinukia bibi harusi. Ephraim alifungua mdomo, Brayo akamkanyaga mguu.

Naftali akazungusha kikombe. Akafumba macho. Akanusa, akasukutua, akameza. "Mm. Mti. Moshi kwa mbali. Hii imelala miaka kumi na miwili."

"Hakuna kingine?"

"Kuna ngozi. Kama kiti cha gari jipya."

Ephraim alianguka godoroni kwa kicheko, na sisi wengine tukamfuata.

"Umekunywa manukato ya madam!" Brayo alipiga yowe. "Leo ukijamba, watu watauliza harusi ni ya nani!"

Naftali alikinusa kikombe tena, kisha tena, kama mtu anayepekua mfuko uleule akitafuta ufunguo anaojua ulishapotea. "Ni nini?" akauliza. "Niambieni kweli. Ni nini?"

Alipotusimulia habari za Jeddah aliongea na sakafu. Brayo akamsikiliza hadi mwisho.

"Pole, ndugu yangu. Basi tupike busaa yako. Na ulale nayo humu, sisi wenye pua hatuwezi."

"Lakini nabaki Mwenyekiti?"

"Wa pipa," alisema Brayo.

Naftali akakubali. Aliotesha kimea cha wimbi kwenye ndoo, akakaanga unga juu kwenye paa, akalijaza pipa na kulifunga kizibo. Lakini busaa haijazoea kufungiwa, na joto la Riyadh halina subira. Ilichacha, harufu ikapenya kwenye mbao, ikapita chini ya mlango, ikashuka ngazi.

Ijumaa ilipofika, harufu ilitupokea kwenye kona ya mtaa. Tulipochungulia tuliona gari la polisi mlangoni, na mwenye nyumba ameziba pua kwa kitambaa cha kichwani, anaonyesha juu kwa kidole. Tukavuka barabara. Brayo akapiga simu, akaiweka spika tusikie sote.

"Mwenyekiti! Pombe inaendeleaje?"

"Imeiva! Nimeionja sasa hivi, uchachu ni ule wa mama kabisa. Mbona hamfiki?"

"Tuko karibu. Hebu tuangalizie kwanza: hakuna harufu inayotoka nje?"

Tulimsikia akifungua mlango. Akavuta pumzi, ndefu, kisha nyingine ya kuhakikisha, kama inavyompasa mtu mwenye cheo.

"Mafi," alisema. "Mafi harufu. Njooni."

Brayo akakata simu, akatuuliza nani ana njaa.