Mwanamke wa Kisimani

Nilipokuwa mtoto, kwetu karibu na Msambweni, hakuna jambo lililonipita. Hili ninaloliandika sikusimuliwa na mtu. Nililiona mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kwa macho haya mawili, wakati huo yakiwa mazima. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kutazama sikuhitaji mwalimu.

Aliyenilea ni bibi yangu Mejumaa, msukaji wa makuti. Alinitania kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, akiniita mume wake. Mwaka ule akaanza kujigonga. Mlango anaoupita kila siku ukamkwaruza bega. Kikombe nikimwekea ubavuni, anakiangusha kwa kiwiko. Lakini mpe sindano: uzi anaupenyeza mara moja, na miwani hana.

"Mume gani wewe, waniwekea vinu njiani?"

"Kinu kiko hapo tangu sijazaliwa, bibi."

Hilo la sindano ndilo lililowatia watu hofu. Kipofu tulimjua, haoni kitu. Wazee tuliwajua pia, jicho limeingia ukungu mweupe. Sasa huyu anayeona tundu la sindano asione mlango? Majirani wakasema macho anayo, ila kuna kitu kinamsukuma.

Mjomba Hamisi hakuwa mtu wa maneno mengi. "Kesho nampeleka hospitali," akasema.

Alasiri ileile bibi akaanguka kisimani. Mimi ndiye niliyekimbia kuita watu. Wakamvuta juu akiwa hai, kisha wakanizunguka, watu wazima tu, wote wakingoja niseme mimi. Nikasema.

"Nimemuona mwanamke akimsukuma! Mrefu, nywele hadi kiunoni. Kisha akazama kisimani."

"Wallahi?" mjomba akaniuliza.

"Wallahi."

Safari ya hospitali ikafia hapo. Akaitwa mganga. Bibi akawa anaoshwa uso asubuhi na jioni kwa vuo, yale maji ya majani yaliyolowekwa chunguni. Ngoma ya pepo ikapigwa siku saba, nami nimekaa mbele, shahidi mkuu, natafuna paja la kuku. Mwaka ukapita na zaidi. Dunia ya bibi ikawa yaliwa kutoka pembeni, akabakiwa na kiduara kidogo mbele yake. Mwisho nacho kikafumba.

Ndipo mjomba akampeleka. Daktari alimulika jicho moja, akamulika la pili, akazima tochi.

"Bibi, kama ugonjwa huu ungekuwa mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe, tungeutoa ukaona. Hii ni presha ya macho. Inaua mshipa wa jicho polepole, wala haiumi. Mngewahi, tungeizuia pale ilipofika. Ilichokwisha kula haikirudishi."

Bibi hakulia. Tuliporudi aliniomba nimshike mkono hadi kisimani, akaacha halua na ubani. Ikawa ndiyo kazi yetu kila Alhamisi.

"Mume wangu, alivaa nini yule mwanamke? Nilimkosea nini mimi?"

Nami kila Alhamisi nikamwongezea: bangili, leso nyekundu, kidani cha shanga. Bibi yangu amekufa akiomba radhi.

Juzi niligonga fremu ya mlango kwa bega. Mke wangu akacheka: "Baba Mwanamisi, umekunywa nini leo?" Mimi sikucheka. Nikaenda kupimwa. Daktari, kijana mdogo, akaniuliza kama kwetu kuna aliyepofuka, maana ugonjwa huu hutembea katika damu. Akanipa matone ya kushikilia kilichobaki. Kilichobaki si kingi. Karatasi hii naiona katikati tu, kalamu ikifika ukingoni inapotea.

Nilimweleza habari za bibi zote, isipokuwa moja, nayo naiandika hapa ningali naweza. Nimesema niliona mwanzo hadi mwisho, na kweli niliona. Lakini yule mwanamke ni wangu mimi. Kisimani siku ile alikuwapo bibi peke yake na ndoo yake, na jiwe ubavuni mwake ambalo hakuliona.