Mawe ya Mlimani na Kaburi Nililomficha Shoga Yangu

Alhamisi asubuhi binti yangu alinipigia simu kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ninakofua mashuka, akaniambia shoga yangu wa mtaa wa Sparkhill amefariki. Msimamizi akanipa nusu saa nikakae pembeni nilie. Sikulia. Nilikumbuka neno nililomwambia zamani, hata kukaa nikashindwa.

Wengi mlimjua kwa ushonaji wake. Mimi nilimjua kwa swali moja. Mumewe alikufa majira ya baridi, theluji imejaa njiani, na sisi bado wachache mji huu. Yeye akaingia eda, wanaume wakaenda kuzika, na mume wangu ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza. Halikuwekwa jiwe, ila kijiti chenye namba. Alipotoka eda, baada ya miezi minne na siku kumi, kijiti hakipo. Karani wa makaburi akatafuta jina daftarini asilione, maana majina yetu huku kila mtu huyaandika anavyosikia. Ndipo akaja kwangu, mtaa wa Aston. "Shoga, mwambie bwana anionyeshe alipolala." Nikamjibu, "Mwanamke makaburini anatafuta nini? Kaa kwako umwombee, dua inafika." Akainamisha kichwa, akamaliza chai yake. Mwaka wa pili akaniuliza tena, na wa tatu. Nikamjibu vile vile, na moyoni najiona naitetea dini.

Baada ya hayo, kiangazi kimoja cha ukame, wanawake tulikodi basi kwenda Welisi, nchi jirani ya milima, kupunga upepo. Tukapanda mlima pole pole, na mabuibui yetu na vikapu vya chakula, mpaka kileleni. Palikuwa na rundo kubwa la mawe, katikati limebomolewa, na mawe yamepangwa kama ukuta wa kuzuia upepo. Tukakaa humo, tukafungua sambusa na chupa za chai. Akapita mzee wa Kizungu na fimbo yake, akazungumza na binti yangu. Binti akageuka. "Mama, hapa mlipokaa ni kaburi. La watu wa kale sana, kabla hata hawajajua kuandika. Wapanda mlima ndio waliolibomoa wapate kujikinga." Tukainuka sote kwa pamoja. Mmoja wetu akasema, "Ala! Basi sambusa zangu zishakuwa sadaka ya maiti!" Tukacheka, na mimi nikacheka.

Shoga yangu hakucheka. Aliweka kikombe chini, akachomoa jiwe ukutani, akalirudisha katikati. Kisha la pili, na la tatu. Nikamwendea. "Acha, shoga. Wazungu wanatutazama."

"Na watazame."

"Huyo si mtu wako. Wala si Muislamu."

Akasimama na jiwe kifuani, vumbi limemjaa buibui zima. "Wangu wewe wajua alipo, mimi sijui. Huyu nimemwona." Akaliweka jiwe, akainama kuchukua jingine. Mtu asiye na jina wala kizazi kinachomjua alikuwa na mtu wa kumrudishia mawe, na mume wa mwenzangu, ambaye nilikula pilau siku ya arusi yake, nilikuwa nimemficha kwa ulimi wangu mwenyewe.

Jumapili iliyofuata nilimwambia mume wangu atupeleke makaburini. Alitangulia kwa haraka, kisha akapunguza mwendo. Akahesabu kutoka kwenye uzio, akarudi, akahesabu tena. Makaburi yalikuwa yameongezeka mno tangu siku ile ya theluji. Mwisho akasimama baina ya mafungu mawili ya udongo yaliyootwa na majani. "Ni moja katika haya," alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Mngeniuliza mwaka ule ule, ningekwenda na macho yamefumbwa." Shoga yangu hakunitazama. Alikwenda kwa la kwanza akatoa salamu na kusoma Fatiha, kisha akaenda kwa la pili akasoma tena. Tangu hapo kila mwezi alipanda basi na kufanya hivyo, na ameondoka duniani bila kujua lipi lilikuwa la mumewe.

Sisi tuliokuja hapa ugenini tunapenda kuhukumiana. Tunamwambia mtu lipi linafaa na lipi halifai kabla hatujamuuliza moyo wake unataka nini. Kuhusu wanawake na makaburi wapo wanaozuia na wapo wanaoruhusu, na mimi sikusoma hata niwaamue. Lakini nilichoombwa hakikuwa fatwa. Niliombwa kuonyesha njia, na njia ilikuwa nyumbani kwangu, inakula chakula changu kila siku. Ukijua kitu anachokitafuta mwenzio, mpe ungali unakijua.

Yeye tumemzika Ijumaa. Nilikwenda mwenyewe, nikasimama nyuma ya wanaume. Ni safu ya nne kutoka ukutani, kaburi la sita ukihesabu kutoka njiani. Anayetaka kumzuru asiogope kuniuliza.