Uzi wa Bluu wa Mama na Utafiti wa Mjomba

Mjomba wangu ni profesa wa mikakati ya biashara na hajawahi kuuza hata karanga. Nalisema hili mwanzoni ili ujue nimesimama upande gani. Mama, ambaye ni dada yake mkubwa, anauza maboksi ya lanchi kwa madereva wa safari kila siku ya Mungu hapa Karatu, lakini ndani ya nyumba yetu bingwa wa biashara ni mjomba. Ukiuliza kwa nini, unatumwa kuosha masufuria.

Likizo ile nilipokuwa kidato cha tatu alikuja kukaa kwetu wiki mbili. Kabla hajafika, mama alipaka rangi mlango wa choo. Siku ya kipaimara changu hakupaka. Naweka kumbukumbu sawa tu.

Nimekua nikimsikia mjomba mdomoni mwa mama. Alisoma Rhotia, darasa lenye bati linalovuja, akirudi anachunga na daftari kwapani. Akaenda bweni, akaenda chuo Dar, akaenda nchi moja ya baridi miaka sita, akarudi daktari ambaye hatibu mtu. Akaandika kuhusu mabasi yanavyogombea njia moja. Akaandika makala nzima kuhusu kwa nini wauza maziwa wa Arusha wanakaa kona moja. Mimi ningemwambia bure: wateja wako kwenye hiyo kona.

"Kwa hiyo kazi yake ni kuwauliza watu wenye kazi wanafanyaje kazi?" nilimuuliza mama.

"Na wewe kazi yako ni nini?"

"Kumchunguza profesa."

Aliniangalia kama nimetema mate kanisani.

Safari hii alikuja kuuchunguza mtaa wetu wenyewe. Mtaani kwetu wako wanawake wanne wanaofunga lanchi za wageni. Boksi ni lilelile: paja la kuku, yai la kuchemsha, ndizi, kipande cha keki, juisi ya pakiti. Dereva anapita asubuhi kungali na ukungu, anachukua maboksi yake, anateremka nayo kreta na watalii wake, kule bondeni kwenye wanyama. Kinachotofautisha ni uzi wa kufumia sweta unaofungwa juu ya boksi. Mama anafunga bluu, jirani wa ng'ambo nyekundu, wengine wawili kijani na njano.

Kwa vitabu vya mjomba, wanawake wanne wanaouza kitu kimoja mtaa mmoja walipaswa kung'oana macho. Badala yake, siku ya pili tu, akitafuta kijiko kwenye droo ya jikoni, alikuta vibonge vya uzi wa rangi zote nne. Ndipo mama akamweleza kwamba mmoja akizidiwa na oda, wenzake wanamsaidia kujaza maboksi na kuyafunga kwa uzi wake yeye. Dereva hajui lolote.

Mjomba alisimama na kibonge chekundu mkononi kama wale wachimba mifupa wa Oldupai wakipata taya.

"Dada, hii ilianzaje?"

Mama akacheka. Nikajua atamjibu anavyonijibu mimi, yaani atamtafutia kazi. Akasema, "Ngoja nikae nikusimulie." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe toka nje, funga na mlango."

Walikaa humo muda wa kupika makande mpaka yakaiva. Nilipita dirishani mara tatu na ufagio, na uwanja ulikuwa umeshafagiliwa. Nilimsikia mama anacheka, halafu anapenga kamasi. Mama yangu! Maisha yangu yote nimemwona akilia mara mbili, na mara zote kosa lilikuwa la vitunguu.

Alipotoka nikamuuliza walikuwa wanaongea nini. "Mambo yetu," akasema. Mjomba akadakia kwamba amemwahidi siri, na kwenye andiko lake dada yake ataitwa Mshiriki wa Kwanza. Mshiriki wa Kwanza! Mimi nimekaa tumboni mwa huyo mshiriki miezi tisa na hakuna karatasi inayonitambua. Usiku huo nilisukuma sahani pembeni, nikasema tumbo linauma.

Wale wanawake wengine watatu mjomba alipanga kuongea nao Alhamisi na Ijumaa. Jumatano mchana nikapita kwao mmoja mmoja na sura ya katekista.

"Mama mkubwa, shikamoo," nilimwambia jirani wa ng'ambo. "Profesa anakuja na kinasa sauti. Akiuliza kwa nini mnasaidiana, jibu la kisomi ni moja: 'Ushirikiano ndio mtaji wetu mkuu.'"

"Mtaji wetu nini?"

"Mkuu. Ukijibu vingine ataandika kwamba mtaa wetu hatujasoma."

"Ee, asije akatuaibisha huko chuoni. Lete kalamu." Akaandika kiganjani.

Wote watatu walipokea hivyo hivyo, kwa moyo mweupe kabisa. Hakuna aliyetaka mtaa uonekane mshamba mbele ya msomi, tena mtoto wa Rhotia. Nilirudi nyumbani natembea kama niliyeshinda uchaguzi.

Jumamosi, tukiwa mezani mchana, mjomba aliweka kijiko chini.

"Sitamtaja mtu," akasema, "lakini nimeongea na kina mama watatu na wote wamenipa sentensi moja, neno kwa neno. Mmoja aliisoma kiganjani."

Nikacheka. Ugali ukapita njia isiyo yake. Nilipomaliza kukohoa, mama alikuwa ananitazama.

"Ni wewe."

"Mama, nilikuwa nasaidia utafiti."

Mjomba akavua miwani. Afadhali angefoka. Alisema yale mazungumzo matatu hayafai tena, na ya dada yake hayawezi kusimama peke yake. Jumatano anaondoka. Kwa miaka mitatu alikuwa akitafuta mahali ambapo washindani wanabebana namna hii, akapata kwa dada yake mwenyewe, na nimemharibia.

"Nimekukosea nini, mpwa wangu?"

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Ukanikimbia, kikatoka kingine.

"Mlango ulifungwa wewe ukiwa ndani na mimi nikiwa nje."

Mama akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Adhabu yangu ilikuwa nipite tena kwa wale kina mama watatu kesho yake baada ya misa, nikiri, niwaombe waongee upya. Wawili walinisema mpaka masikio yakapata moto, kisha wakakubali. Jirani wa ng'ambo alikuwa anaanika nguo.

"Nilijua tu," akasema. "Profesa mzima hawezi kuja mpaka huku kutafuta maneno ya kwenye kanga. Na wewe si unajua ilivyoanza? Ilianza na wewe."

"Na mimi?"

"Ulipozaliwa. Mama yako alilazwa, maana kuzaliwa kwako kulikuwa na maneno mengi kama ulivyo. Sisi tukashika maboksi yake. Hakukwambia?"

"Hajaniambia."

"Basi kamuulize."

Nilivuka barabara na wivu umenivimba zaidi kuliko nilipoanza. Kuzaliwa ni kwangu, na mwenye nako kwenye kinasa sauti ni mjomba! Nilimkuta kibarazani anachonga penseli.

"Naomba nisikilize ya mama."

"Siwezi."

"Mjomba, aliyezaliwa ni mimi!"

"Na aliyesimulia ni yeye. Nilimwahidi hatasikia mtu, hata mke wangu."

"Hata nikikupikia chapati?"

"Hata za maji." Akapuliza vumbi la penseli. "Mimi sikufanya uchawi. Niliuliza, nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonichukua miaka yote ile ya shule."

Nilitaka kumjibu. Nikajaribu kazi yake kwa sekunde tano. Ni ngumu, sikatai.

Jumatatu alfajiri mama alikuwa anapanga mayai, mimi nafunga nyuzi.

"Mama, nilipozaliwa ilikuwaje?"

Nikafunga mdomo. Ilikuwa kama kuzuia chafya. Mama akapanga yai, akapanga jingine, nikadhani hajasikia.

"Nililala hospitali nikiwaza madereva wangu," akasema. "Nilijua wale wanawake watawachukua, kwa sababu mimi ningewachukua wa kwao. Yule wa ng'ambo akaniletea uji, nikamgeuzia ukuta. Nimekushika wewe, lakini sikuoni. Naiona mikono yake tu, inafunga boksi la dereva wangu kwa uzi mwekundu. Siku ya tano nikatoroka wodini."

Nilikuwa na utani hapo kuhusu kutoroka. Nikaumeza.

"Nikafika getini kwake nikakuta maboksi yamepangwa, yote yana uzi wa bluu. Wa kwangu ulikuwa umeisha, akaenda dukani kununua mwingine. Nikasimama pale na wewe mgongoni, sina pa kuuweka uso."

"Na mjomba ulimwambia yote hayo?"

"Nilimwambia ya hospitali na ya uzi." Akafunika boksi, akalisogeza mbele yangu. "Ya kuwaonea wivu sikumwambia. Hiyo nimekupa wewe."

Chumba cha pili mjomba alikuwa anakohoa, anajiandaa kwenda kuwahoji wale watatu upya. Nikamwonea huruma. Kidogo tu, lakini.